Pua ya Mbwa Si Hirizi

Iko rai moja ambayo katika nchi ya Mukuju, na Tororo kwa jumla, huku Uganda, na ng'ambo ya mpaka wa Kenya huko Malaba na Busia, imekwisha kukubaliwa na wakubwa kwa wadogo kama kwamba ni sheria iliyoandikwa, nayo ni hii: ya kuwa mbwa, na hasa mbwa wetu huyu wa shamba mwenye manyoya mafupi na mbavu za kuhesabika, hana haja ya kulindwa na sumu za ardhini anapotembea, kwa sababu Mwenyezi Mungu amempa pua ya kumwonya na tumbo la kumhimili, ya kuwa akila kitu basi amekwisha kukijua, na akikiacha basi amekwisha kukipima, na ya kuwa mtu amwangaliaye mbwa wake kinywani njiani ameiga mambo ya Wazungu na amepoteza wakati wake. Nimeisikia rai hii kwa wazee wenye heshima zao, nimeisikia kwa walimu, nimeisikia hata kwa vijana waliopita vyuoni. Na kwa adabu zote ninazowawia, nasema kuwa ni rai batili, haina hujja ya kusimamia, na madhara yake hayaishii kwa mbwa peke yake, maana yameingia mpaka katika ujirani wetu.

Nianze na hilo la Wazungu, kwa kuwa ndilo jepesi. Husemwa kwamba kutembea na mbwa ni ada ya Ulaya, na kwa hiyo hatari za matembezi ni za mbwa wa Ulaya. Mtu na atazame kwa macho yake. Mbwa wa London, aghalabu, hutolewa nyumbani asubuhi na jioni, akaongozwa kwa kigwe juu ya njia iliyosakafiwa, akarudishwa. Ilhali mbwa wa Mukuju, mahali hapa kando ya barabara itokayo Tororo kwenda Mbale, huondoka na mtoto achungaye ng'ombe kabla umande haujakauka, akashuka naye mpaka mabondeni penye matete na maji yaliyotuama, akapita katikati ya mashamba ya mihogo, mtama, ulezi na karanga, akamsindikiza mama kisimani, akawafuata wawindaji wa sungura na kwale vichakani, na siku ya gulio akamfuata bwana wake mpaka sokoni, akarudi naye usiku. Huyu ndiye mbwa mwenye matembezi. Ikiwa yule wa kigwe, aonaye nyasi kwa saa moja kwa siku, amestahili mtu wa kumtazama, seuze huyu ambaye maskani yake ni njia na pori?

Sasa niende kwenye hoja yao iliyo na nguvu, nami nitaieleza kwa insafu kama waielezavyo wenyewe. Mbwa hawa, wasema, wamekaa katika nchi hii tangu enzi za mababu. Asiyeijua sumu alikufa zamani bila kuacha kizazi, na aliyesalia ndiye ajuaye, naye amewarithisha watoto wake ujuzi huo. Basi mwanadamu ni nani hata ajitie kumfundisha? Hoja hii ingekuwa na uzito lau sumu zenyewe zingekuwa za tangu na tangu. Lakini hebu tuziangalie hizi zilizotuzunguka. Mahindi yalitoka Amerika. Muhogo ulitoka Amerika, ukaletwa na Wareno katika pwani za Afrika, na huku Uganda haukufika ila katika karne ya 19. Lantana, kichaka kile chenye maua ya rangi mbili tatu na vijitunda vyeusi, ambacho leo kimefunika kingo za njia na malisho, asili yake ni Amerika. Mbono kaburi unaopandwa kuwa ua ni wa Amerika. Na ule mti wenye maua ya manjano yaliyo na umbo la kengele na tunda la kijani lenye kokwa gumu, unaopandwa kandokando ya nyua za shule na makanisa kwa ajili ya uzuri wake, nao pia umetoka Amerika, na kokwa zake huweza kuusimamisha moyo wa mtu mzima, sembuse wa mbwa. Wote hawa ni wageni. Silika ya hayawani ni kazi ya vizazi elfu na elfu. Haiwezi ikafundishika katika muda wa miaka mia mbili au mia tatu, tena juu ya mimea ambayo mababu wa mbwa huyu hawakupata kuiona wala kuinusa.

Tena, wale wanaoleta hoja ya mbwa waliosalia huwahesabu waliosalia tu. Waliokufa hawamo katika hesabu yao, kwa kuwa mbwa akifa vichakani hapana amwandikaye. Nani katika sisi awezaye kutaja mbwa wa kijiji chake aliyefika miaka kumi? Uchunguzi uliofanywa juu ya mbwa wa vijijini huko Machakos nchini Kenya, na kuchapishwa mwaka 2001, ulionyesha kwamba umri anaotarajiwa kuishi mbwa tangu kuzaliwa kwake hauvuki miaka michache, ilhali mbwa aliyetunzwa vyema huishi kumi na zaidi. Sisemi kuwa wote hao huuawa na sumu. Yako maradhi, ziko gari, iko njaa. Nasema kwamba kaumu ya wanyama wanaokufa wangali vijana haiwezi kutolewa kuwa ushahidi wa viumbe waliokamilika kwa kujilinda.

Na hiyo pua yenyewe? Hakuna akataaye kwamba pua ya mbwa ni miongoni mwa maajabu ya viumbe. Lakini kunusa si kupambanua. Pua humwarifu mbwa kuwa kitu kipo na kwamba kina harufu ya nyama, au ya chachu, au ya mafuta. Haimwarifu kitu hicho kitafanya nini kikishuka tumboni. Na ziko hatari ambazo pua hiyo haizipati hata kidogo. Asiyeamini na atafakari habari ya kifutu, nyoka yule mnene na mfupi, mwenye alama za majani makavu mgongoni, ambaye asikiapo kishindo hakimbii, bali hulala palepale njiani akitegemea kutoonekana. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, wakiwemo Ashadi Kay Miller na Graham Alexander, walitaka kujua kwa nini wanyama wawindao kwa pua humpita nyoka huyu karibu na wasimtambue; wakawafunza mbwa kutafuta harufu za nyoka, wakawajaribu pamoja na nguchiro wa nchi za kusini, na matokeo waliyoyatangaza mwaka 2015 yalikuwa haya: mbwa wale waliwatambua nyoka wa aina nyingine, lakini kifutu aliye hai akawapita kana kwamba hana harufu. Hao walikuwa mbwa waliofunzwa kwa kazi hiyo hiyo, katika jaribio lililopangwa kwa utulivu. Wetu, anayekimbia mbele ya ng'ombe katika nyasi ndefu, pua yake imejaa vumbi na harufu za mifugo, atamtambuaje? Haishangazi basi kwamba mbwa wengi wanaoumwa na kifutu huumwa puani na miguuni. Walikwenda kwake wakiamini kile kile ambacho wenye mbwa wanaamini.

Hapo wapinzani wangu huleta ushahidi wa majani. Mbwa akiumwa tumbo, wasema, hutafuta jani lake, akalila, akatapika, akapona. Basi ni tabibu wa nafsi yake. Dhana hii imeenea dunia nzima, na kwa bahati njema imepata kupimwa. Mwaka 2008 Benjamin Hart na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, mjini Davis, walichapisha majibu ya watu zaidi ya 1,500 wenye mbwa, na ikadhihirika kwamba mbwa wengi mno hula majani mara kwa mara wakiwa wazima kabisa. Walioonekana kuugua kabla ya kula hawakufika mmoja katika kumi, na waliokuwa na mazoea ya kutapika baadaye walikuwa kama mmoja katika watano. Maana yake ni kwamba kula majani ni tabia tu ya jamii ya mbwa, ambayo hata mbwa mwitu wanayo, wala si uganga. Na mtu akilitazama jambo hili vizuri ataona kwamba linawageukia wenyewe walioleta hoja, kwa kuwa mnyama atafunaye majani bila ya kuumwa, kwa mazoea tu, ndiye hasa wa kuogopewa penye mimea mibaya.

Nakubali jambo moja, wala sioni haya kulikubali: mbwa hutapika kwa wepesi kuliko wanyama wengi, na wepesi huo humwokoa mara nyingi. Akila uyoga ule mpana mweupe unaoota nyasini baada ya mvua, ambao sehemu ya chini ya mwavuli wake hugeuka kijani ukikomaa, nao ni mwepesi wa kudhaniwa kuwa uyoga wetu mwema wa kichuguu, atatapika usiku kucha na aghalabu atapona. Lakini ziko sumu ambazo hazimpi mbwa sababu ya kutapika mpaka zimekwisha kuingia damuni, na ziko nyingine, kama utomvu wa mnyaa, ambazo zikitapikwa huunguza koo mara ya pili. Nyonyo, yaani mbegu za mbarika, akizimeza nzima huenda zikapita pasi na athari. Akizitafuna, sumu iliyomo hufunguka, na dalili huenda zisionekane mpaka siku ya pili, mbwa akiwa amekwisha kula na kucheza kama kawaida. Kutapika ni mlango mmoja. Nyumba ya sumu ina milango mingi.

Masika yakianza, mwezi wa Machi mpaka Mei, huanza pia habari ya chura wa nchi kavu, yule mwenye ngozi ya vipele na tezi mbili nene nyuma ya macho, atokaye usiku kufuata wadudu chini ya taa na kando ya mtungi wa maji. Haruki mbali, wala hana haraka, na mtoto wa mbwa humrukia kwa mchezo na kumwuma. Ute utokao katika tezi zile hushika moyo kwa namna iliyo karibu na ile ya mti wa maua ya manjano niliokwisha kuutaja. Mbwa hutokwa na mate mengi yenye povu, hujikwaruza kinywa, ufizi humwiva mwekundu, na aliye mdogo au aliyeumeza mwingi huweza kutetemeka na kuanguka. Dawa ya kwanza ni maji matupu: aoshwe kinywa kutoka upande wa shavu kwa maji yanayotiririka, kichwa kimeinamishwa ili maji yatoke nje yasishuke kooni. Wengi wao hupona kwa hilo tu. Lakini katika vijiji vyetu mbwa mwenye povu mdomoni hupewa jina moja, kichaa, na hukumu moja, rungu. Sikatai kwamba kichaa cha mbwa kipo, tena kipo Uganda na Kenya, na huua watu. Mbwa asiyepata kuchanjwa akiwa na povu na mwenendo uliobadilika, mtu asitie mkono wake kinywani mwake kwa hali yoyote, bali amtenge na kumwita tabibu wa wanyama. Ndiyo sababu chanjo ni nusu ya kinga ya sumu: mbwa aliyechanjwa, mwenye cheti chake, anaweza kushikwa na kuoshwa kinywa kwa hofu ndogo zaidi, na asiyechanjwa huuawa kwa kosa la kumwuma chura.

Yote niliyoyasema ni madogo mbele ya jambo ninaloliingia sasa, ambalo halina meno wala miiba, nalo liko katika kila nyumba. Mwezi Machi 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania yasiingie nchini mwao, kwa kuwa yalionekana kuwa na sumukuvu kupita kadiri iliyoruhusiwa. Amri ilitoka tarehe 5, ikalegezwa kwa masharti tarehe 10, na katika siku hizo malori yakapanga misururu hapa mipakani petu, Malaba na Busia, magunia yakingoja juani chini ya maturubai. Kadiri iliyowekwa na nchi za Afrika Mashariki ni sehemu 10 za sumukuvu katika sehemu bilioni moja za nafaka. Serikali zilitetana kwa ajili ya uchache huo, na hapa kwetu kila mtu alikuwa na la kusema, kwa haki, maana biashara ya mahindi ndiyo iliyomsomeshea mtoto. Lakini watu wale wale waliosikiliza habari hizo redioni, walipofika nyumbani na kuchambua mahindi yao, wakayatenga yaliyoota ukungu wa kijani na manjano, waliyatupa wapi? Waliyatupa nyuma ya nyumba, njiani, penye mbwa na kuku. Wengine waliyasaga wakampikia mbwa uji, wakiona wamefanya hisani.

Ukungu huu ndio unaotengeneza sumukuvu, sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Moto wa jikoni hauiwezi. Uingereza iliujua msiba wake mwaka 1960, walipokufa batamzinga wapatao 100,000 waliolishwa mashudu ya karanga kutoka Brazil, na uchunguzi wa vifo hivyo ndio uliofichua sumu yenyewe. Kenya ilikwisha kuonja zamani: mwishoni mwa miaka ya 1970 mbwa na kuku wengi walikufa Nairobi, Mombasa na Eldoret kwa vyakula vyenye sumukuvu. Mwaka 2004 zamu ikawa ya binadamu, katika Makueni na Kitui na wilaya za jirani, watu 317 wakaugua na 125 wakafa kwa mahindi waliyoyahifadhi yangali majimaji. Na asidhani mtu kwamba ni mambo ya watu wasio na viwanda: mwishoni mwa 2020 huko Marekani mbwa zaidi ya mia moja walikufa kwa chakula cha mbwa kilichotoka kiwandani, kilichotiwa mahindi yenye sumu hiyo hiyo. Mbwa wale walikuwa na pua. Walikuwa na matumbo. Walikula mpaka wakamaliza sahani.

Hapa ndipo inapoanguka ile itikadi ya tumbo la mbwa, ya kwamba lisilomfaa mtu humfaa mbwa. Ukweli ni kinyume chake. Katika wanyama wa nyumbani, mbwa ni miongoni mwa walio wepesi mno kudhurika na sumukuvu; kondoo, na ng'ombe mzima, huistahimili zaidi, kwa kuwa tumbo lao la kwanza huivunja sehemu yake. Ini la mbwa halina mlinzi wa namna hiyo. Basi tunaponena kwamba haya mahindi hayafai kwa watu, tuwape mbwa, tumemchagua katika zizi zima yule asiyeweza. Naye hafi papo hapo, na kutokufa kwake papo hapo ndiko kunakotudanganya: hukataa chakula, hulegea, macho na ufizi huwa manjano, mkojo hukolea, kinyesi huwa na damu, na hapo siku kadhaa zimepita, hakuna tena akumbukaye mahindi.

Namna hiyo hiyo machicha ya ajon, pombe ya ulezi, yanayomwagwa pembeni baada ya kinywaji kunyonywa kwa mirija na kutiliwa maji mpaka kuisha ladha, hulala siku mbili tatu, yakaota ukungu, na mbwa wa kijiji kizima wakakutana hapo. Na muhogo mchungu, ambao akina mama wa Teso na Padhola wanajua sana kuumenya, kuuvundika na kuuanika hata uwe salama, huacha maganda mabichi yenye sumu nyingi kuliko nyama yake. Huko Nigeria, ambako muhogo ndio chakula cha watu kama kwetu, B. P. Kamalu aliandika mwaka 1993 juu ya mbwa waliolishwa muhogo kwa muda mrefu na madhara yaliyoonekana katika viungo vyao vya ndani. Haya hayakusemwa ili watu waache muhogo. Yamesemwa ili wajue kwamba maarifa yale wanayoyatumia kwa ajili ya watoto wao yamfikie na mbwa aliye mlangoni. Kwa watu wa Ziwa Victoria, huko Majanji na Port Victoria, nitaongeza neno moja tu: maji yenye utando wa kijani kama rangi iliyomwagika yasinywewe na mbwa, wala mbwa asiogeshwe humo, kwa kuwa utando huo una sumu ya ini na ya mishipa ya fahamu, na mbwa hujilamba manyoya akishatoka majini.

Niligusa ujirani mwanzoni, nami sharti nieleze. Maadamu watu wanaamini kuwa mbwa hawezi kula sumu ya ardhini kwa ujinga wake, basi mbwa akifa ghafula hubaki tafsiri moja tu, kwamba ametiliwa sumu na mtu. Na mtu huyo hana budi awe jirani ambaye kuku wake waliliwa, au mkwe waliyegombana naye, au mwanamke mkongwe akaaye peke yake. Nyumba zimeacha kusalimiana kwa ajili ya mbwa. Sikatai kwamba wapo watu wanaotega nyama zenye dawa ya wadudu, wala kwamba strikinini imetumika kuua mbwa wazururao. Lakini kila sumu ina saa yake na alama zake. Strikinini hukakamaza mwili na kuurusha kwa mishituko kila mtu agongapo kitu, na aghalabu huanza kabla ya saa mbili kupita. Sumu ya muhogo mbichi hukata pumzi upesi, ufizi ukiwa mwekundu mno. Sumukuvu huchukua siku na huacha rangi ya manjano. Kifutu huacha uvimbe unaopanda kutoka mahali pa jino. Mtu akizijua alama hizi, akaenda nyuma ya nyumba yake mwenyewe kabla ya kwenda kwa jirani, huenda akamkuta mwuaji katika lundo alilolimwaga yeye mwenyewe. Rai ya pua na tumbo humzuia asitazame huko.

Na rai hiyo hiyo ndiyo iliyozaa tiba za pupa. Kwa kuwa hakuna aliyejiandaa, msiba ukitokea humiminwa maziwa, au mafuta ya kupikia, au yai bichi, katika kinywa cha mnyama ambaye tayari hawezi kumeza, na yakaingia mapafuni. Mbwa aliyekuwa na nafasi ya kupona sumu hufa kwa maziwa. Aliyeumwa na nyoka hufungwa kamba ya kukaza, akachanjwa kwa wembe, akawekewa jiwe jeusi, ambalo ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa, nalo halikuonekana kuwa na nguvu yoyote lilipopimwa. La kufanya ni kumtuliza, kumbeba asitembee, na kumfikisha kwa tabibu wa wanyama pamoja na maelezo ya alichokula au kilichomwuma. Macho yaliyotemewa na swila yaoshwe kwa maji mengi, mara moja, kwa muda mrefu. Basi.

Watanijibu: bwana, sisi ni maskini, mbwa hana bajeti. Jawabu langu ni kwamba sikuomba senti. Mbwa apewe chakula kabla ya kutoka, si baada ya kurudi, na iachwe ile kauli ya wawindaji kuwa mwenye njaa ndiye mkali, maana mwenye njaa hula kila kilicholala njiani. Afundishwe tangu udogoni neno moja la kuacha, kwa Kiteso, kwa Kijopadhola, kwa Kiswahili, lugha yoyote, mradi neno liwe lile lile na litolewe na watu wote wa nyumba, na akitii apewe kipande cha chakula kilicho bora kuliko alichokiacha. Apitapo penye nyasi ndefu jioni, atangulie mtu mwenye fimbo. Watoto wa mbwa walazwe ndani usiku wa mvua. Mahindi yaliyoota ukungu yachimbiwe shimo la kina na kufukiwa, wala yasitupwe. Mbarika uliojiotea karibu na njia ya kisimani ung'olewe kabla haujazaa. Katika hayo hakuna hata moja lihitajilo duka.

Wala si jambo dogo lisilostahili kalamu. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki katika karne ya 9, katika kitabu chake cha wanyama alitoa kurasa nyingi kwa mabishano baina ya mtetezi wa mbwa na mtetezi wa jogoo, na hakuona kuwa ameishusha elimu. Wenzetu Waislamu, ambao madhehebu yao ya Shafii huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, wanajua pia kwamba mbwa wa mifugo, wa shamba na wa kuwinda ameruhusiwa, na hadithi ya aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu husomwa mpaka chuoni kwa watoto. Unajisi haukuwahi kuwa ruhusa ya kutelekeza. Wakristo, ambao ndio wengi hapa Mukuju, hawahitaji kukumbushwa kuhusu uchungaji. Mbwa huyu tumemtoa porini wenyewe, tukamwachisha kuwinda kwa ajili ya nafsi yake, tukampa kazi ya kulinda mali na watoto wetu, na ujira wake tukaufanya makombo. Aliyemchukua kiumbe katika utumishi wake amechukua na dhima ya kumlinda, na dhima haiondoki kwa pua ya yule aliyedhaminiwa.

Nawaomba mabwana mifugo wa Tororo na Busia, pande zote mbili za mpaka, kwamba siku ya chanjo ya kichaa, watu wanapokuja na mbwa wao kwa kamba za katani na kusubiri kivulini, wasiishie kwenye sindano, bali wasimame robo saa na kuwaonyesha nyonyo, hindi lenye ukungu na mchoro wa kifutu. Na kwako wewe msomaji mwenye mbwa, chimba lile shimo la mahindi mabovu kabla ya mavuno ya Julai hayajaanza kuanikwa uani.